Tunawafundisha Kutaja, Hatuwafundishi Kusoma

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, leo nakuja kwenu na ugomvi. Si ugomvi wa vina na mizani. Huo tumeugombana tangu miaka ya 1970 na hauna dalili ya kwisha. Ugomvi wangu unahusu kauli iliyozoeleka mno vinywani mwetu kila tunapokutana: kwamba vijana wa leo hawasomi, na kwamba ndiyo sababu tungo zetu hazina wa kuzielewa. Nasema kauli hiyo ni faraja ya wavivu. Vijana wanasoma. Wanasoma alfajiri kabla ya kuchota maji, wanasoma ndani ya daladala, wanasoma usiku kwa mwanga wa simu. Lakini wanasoma kile tulichowaambia kina alama, nacho ni orodha. Tumewalea wawe hodari wa kutaja, kisha tunawalaumu kwa kutojua kusoma.

Naishi Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, ukishaupita mji wa Kibaha kuelekea Mlandizi. Nimestaafu ualimu, ila ualimu haujanistaafu. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, watoto wa jirani huja barazani pangu jioni tupitie Kiswahili: ufahamu, ufupisho, sarufi, na uhakiki wa vitabu. Sitozi kitu. Ninachopata ni kuiona kazi yangu ya miaka mingi ikirudi kwangu ikiwa na daftari mkononi. Na ninachokiona hakinifurahishi.

Mwaka jana alikuja binti mmoja, mjukuu wa jirani yangu. Ni mtoto mwenye bidii na adabu, na hati yake ni safi kuliko yangu. Nilimwomba anieleze diwani ya Wasakatonge ya Muhammed Seif Khatib. Akasimama wima, akafumba macho, akaanza: dhamira ya kwanza, matabaka, dhamira ya pili, ukombozi, dhamira ya tatu, nafasi ya mwanamke. Kila dhamira ilikuwa na hoja zake tatu. Alipomaliza nikampongeza, kisha nikamwuliza, "Katika mashairi yote hayo, lipi lilikukaa moyoni?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Babu," akasema kwa sauti ya chini, "kitabu chenyewe sijawahi kukishika. Tulipewa notisi."

Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje, nami ndiye niliyeandika notisi za namna hiyo ubaoni kwa miaka isiyopungua ishirini? Mnalijua jedwali lenyewe. Upande mmoja fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Upande wa pili maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kila kazi ya fasihi iliyopata kuandikwa chini ya jua hukatwa vipande na kupangwa humo kama nyanya sokoni. Iwe ni Ngoswe wa Edwin Semzaba, karani wa sensa anayelisahau jukumu lake kwa sababu ya penzi, au Takadini wa Ben Hanson, mtoto zeruzeru ambaye mama yake anakimbia naye ili asiuawe, mwanafunzi atakuambia kwamba mwanamke amechorwa kama mlezi, amechorwa kama mshauri, amechorwa kama mtu asiye na sauti. Mama anayetoroka usiku na mtoto mgongoni na binti anayetoroshwa na karani wanaingia katika kisanduku kimoja, na kisanduku kinapewa alama.

Siku ile nililiweka jedwali kando. Nikachukua chaki nikaandika ubeti mmoja wa tarbia niliokuwa nimeutunga mwenyewe juma lililotangulia:

Mche wangu niliupa, maji ya kisima changu,
Jua lilipouchapa, kanga nikatanda yangu,
Sasa kivuli wawapa, walio mbali na kwangu,
Mimi juani nakopa, kivuli cha mti wangu.

Sidai kwamba ubeti huu ni johari. Malenga mwenye jicho kali ataniambia kwamba vina vya mwisho nimevipata kwa bei rahisi, na nitakubali. Niliuleta kwa sababu moja tu: hauna neno hata moja ambalo mtoto wa Kidato cha Nne halijui. Nikamwuliza binti, "Unasema nini ubeti huu?" Hakuchelewa. "Dhamira ni utunzaji wa mazingira. Mshairi anatuhimiza kupanda miti na kuimwagilia."

Hapo, ndugu zangu, ndipo ugonjwa wote ulipo. Binti aliona neno mche, akaona maji, akaona kivuli, akili ikakimbia kwenye ghala la dhamira ikachukua iliyo karibu na mlango. Hakukosea kwa kukosa msamiati. Hakukosea kwa uvivu. Alikosea kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kurudi kwenye maneno na kuyahoji.

Tukarudi pamoja. "Nani anasema hapa?" nikamwuliza.

"Mshairi."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume, babu. Si wewe ndiye uliyetunga?"

"Tazama mstari wa pili."

Akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akatabasamu. "Aa! Kanga. Ni mwanamke."

Wenzetu wa Kenya wana neno zuri kwa jambo hili, nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Neno moja la nguo lilitosha kumtoa babu mwenye ndevu kwenye ubeti na kumwingiza mama. Tukaendelea. Kwa nini yaliyokuwa mche katika mstari wa kwanza yakawa mti katika mstari wa mwisho? Kwa sababu miaka imepita kati ya mistari hiyo bila mtu kuitaja. Kwa nini mama anasema anakopa? Mtu hukopa kisicho chake. Basi hesabu ni mara ngapi anasema wangu, changu, yangu, kwangu. Binti akahesabu kwa vidole: mara tano katika mistari minne. Akanyamaza. Halafu akasema, bila mimi kumwuliza, "Kila kitu anasema ni chake, lakini yuko juani. Babu, huu si mti. Huyu ni mtoto aliyemlea akaenda zake."

Ilichukua dakika kumi na tano, ubao mmoja na kipande cha chaki. Nawaomba mkikumbuke kipimo hicho, maana nitakirudia.

Kama kisa kingeishia hapo, ningekisimulia kama mwalimu mstaafu anavyosimulia ushindi wake mdogo, nanyi mngenipa pongezi mkaendelea na safari. Lakini juma lililofuata binti alikuja kuniita. Bibi yake alikuwa na mgeni, na mgeni alikuwa na karatasi.

Wasiokujua kwetu nawaeleza. Misugusugu ya utoto wa bibi huyo ilikuwa mikorosho, miembe na mihogo. Misugusugu ya leo ni viwanja. Dar es Salaam inatanuka, Kibaha inatanuka, na kila juma bikoni mpya inasimama mahali palipokuwa na shina la mkorosho. Bibi ana shamba alilorithi. Macho yake sasa yana ukungu, lakini kusoma anakujua: alihudhuria ngumbaru, lile darasa la jioni la watu wazima, katika miaka ile ambayo Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na taifa likazungumza juu ya kisomo chenye manufaa. Kwa kuwa macho yamemtupa, akamwita mjukuu msomi amsomee mkataba wa kuuza shamba.

Binti akausoma. Alisoma vizuri mno, kwa sauti ya wazi, akituliza pumzi kwenye kila nukta. Palikuwa na sentensi mbili ambazo nimezikariri, maana niliziomba zirudiwe. Ya kwanza ilisema mnunuzi angelipa kiasi kilichosalia baada ya taratibu za upimaji kukamilika. Ya pili ilisema muuzaji hatakuwa na madai yoyote kuhusu ardhi hiyo kuanzia siku ya kutia saini.

"Wanasemaje?" bibi akauliza.

"Wanasema watakulipa, bibi. Sehemu sasa na nyingine baadaye."

"Baadaye lini?"

"Upimaji ukikamilika."

"Nani anapima?"

Binti akarudisha macho kwenye karatasi, akatafuta, hakumwona mpimaji. Mgeni akakohoa.

"Na wasipopima?" bibi akaendelea. "Wakapima nusu wakaacha? Nani atasema kwamba sasa imekamilika? Hebu nirudilie hapo pa madai, mwanangu."

Binti akarudia. Bibi akakaa kimya kidogo, mikono magotini, kisha akasema maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mhakiki yeyote: "Kumbe. Nikishatia saini, hela yangu iliyobaki ndiyo inakuwa madai. Na madai wameniandikia kwamba sina."

Hakutia saini. Aliomba iandikwe tarehe, na jina la mtu atakayepima. Mgeni aliondoka na karatasi yake kwa heshima zote, na mpaka ninapoandika haya haijarudi.

Niliporudi nyumbani nililifungua daftari la sarufi ambalo binti alikuwa ameliacha barazani. Ukurasa wa kumi na tisa, kwa hati ile safi: kauli za vitenzi. Kutenda, kutendwa, kutendea, kutendesha, kutendana, kutendeka. Zote zipo, na alama ya vema ya mwalimu pembeni. Mtoto anazitaja kauli sita kama maji. Lakini ilipokuja karatasi yenye kauli ya kutendeka ndani yake, kauli iliyokuwa ikimla bibi yake, hakuitambua.

Maana huo ndio ujanja wa kukamilika. Wapenzi wa sarufi mliomo humu mnajua: kauli ya kutendwa humwachia mtenda kiti. Ukisema mlango umefungwa, nina haki ya kuuliza umefungwa na nani, na sentensi yenyewe inaruhusu jibu. Kauli ya kutendeka huondoa kiti. Mlango umefungika, kikombe kimevunjika, taratibu zimekamilika: jambo limetokea kana kwamba limejitokea. Lugha ina sababu njema za kuwa na kauli hiyo. Lakini mtu anayetaka kukwepa wajibu huikimbilia, na msomaji aliyefundwa huinua kichwa anapoiona na kuuliza, aliyefichwa hapa ni nani? Bibi aliuliza swali hilo bila kulijua jina la kauli. Mjukuu alilijua jina, na swali hakuwa nalo.

Sasa nawaulizeni ninyi mnaosema vijana hawasomi: katika baraza ile, nani alikuwa msomaji?

Najua atakuwapo atakayesema kwamba nimechanganya mambo mawili. Mkataba ni suala la ufahamu, shairi ni suala la uhakiki, na mtaala umeyaweka mbalimbali. Ndivyo ulivyoyaweka, na hilo ndilo kosa ninalolipinga. Ufahamu tumeufanya mchezo mdogo wa mwanzo: soma habari, jibu maswali, andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano. Majibu huchotwa kwenye aya yakahamishwa kama yalivyo. Uhakiki tumeufanya insha kubwa ya mwisho: kwa kutumia vitabu viwili kati ya ulivyosoma, toa hoja tatu kwa kila kitabu. Orodha ya vitabu huchapwa, matini yenyewe haipo mezani, na mtahini hana namna ya kujua kama aliyejibu alisoma riwaya au alisoma ukurasa mmoja uliotolewa fotokopi. Katika ufahamu mtoto anaitazama matini bila kuifikiria, na katika uhakiki anaifikiria bila kuitazama. Kusoma, kwa maana yake kamili, hakukutajwa popote.

Nimesikia pia utetezi wa walimu wenzangu, na sitaki kumwangushia mwalimu jumba bovu. Darasa lina wanafunzi wengi, nakala za vitabu ni chache, muda ni mfupi, na mzazi anapima shule kwa madaraja ya ufaulu. Notisi huokoa jahazi. Nakubali kila neno. Lakini kumbukeni kipimo nilichowaomba mkikumbuke. Ubeti mmoja hauhitaji nakala arobaini, unahitaji ubao. Uhaba wa vitabu unaeleza kwa nini mtoto hajaisoma riwaya nzima. Hauelezi kwa nini anamaliza miaka minne ya sekondari bila mtu kumwandikia mistari minne na kumwambia, tukae hapa mpaka itufungukie.

Wapo pia wanaosema kwamba mtihani wa taifa lazima uwe na majibu yanayofanana, la sivyo usahihishaji utakuwa vurugu. Kenya wamekuwa wakichapa shairi zima katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa kidato cha nne, na kumtaka mtahiniwa alisome papo hapo: amtambue nafsineni, auandike ubeti kwa lugha ya nathari, aeleze toni. Sisemi kwamba wenzetu wamepona. Huko nako wapo wanaokariri majina ya bahari na orodha ya uhuru wa mshairi, wakataja inkisari na tabdila bila kujali zimeleta nini kwenye maana. Lakini angalau shairi lipo mezani, na mtoto aliyefundwa kusoma ana mahali pa kuonyesha ujuzi wake. Usahihishaji haukuanguka.

Wala maradhi haya si yetu peke yetu, nisije nikaonekana naitukana nyumba yangu mbele ya wageni. Mwaka 1929 mwalimu I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu kilichowatahayarisha wakubwa wa Uingereza. Alikuwa amewagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi, akawataka waandike wanavyoyaelewa. Vijana wa chuo kile chenye sifa, waliozoea kuambiwa mapema nani ni mkubwa na nani ni mdogo, walipotea vibaya. Moja ya makosa aliyoyaeleza lilikuwa lile la msomaji kutoa jibu alilokuja nalo kutoka nyumbani, shairi likiwa kisingizio tu cha kulitoa. Mimi ningeliita jibu la akiba. Utunzaji wa mazingira, nafasi ya mwanamke, umuhimu wa elimu: hizo ndizo akiba zetu. Tofauti ni kwamba wao walilitambua kuwa kosa, nasi tunalipa alama.

Na inauma zaidi kwa sababu sisi tulikuwa na shule yetu ya kusoma kabla ya shule. Wahenga wa pwani hawakulishana dhamira. Walifumbiana na kufumbuana. Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ilijibizana kwa mashairi, na aliyeshindwa kuusoma ubeti wa mwenzake hakuwa na njia ya kuujibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na washairi waliosubiri toleo lijalo waone nani amelijibu swali lao. Na hapa kwetu Uzaramo, mwali aliyewekwa ndani alifundwa kwa nyimbo zenye maana ya chini kwa chini, na makungwi hawakuridhika na mwali aliyejua kuimba tu; walimdai maana. Labda huko ndiko bibi alikojifunza kuuliza, "Nani anapima?" Sitashangaa.

Hatukai katika jangwa la elimu pia. Kibaha kuna Shirika la Elimu lililoanza miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nodiki. Kisarawe kuna Minaki, shule iliyokuwa na jina tangu enzi za ukoloni. Tangu mwaka 2005 mitaala yetu ya sekondari imekuwa ikizungumzia umahiri badala ya kukariri, na mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unalirudia neno hilo kwa mkazo. Lakini neno likiandikwa kwenye mtaala na lisiulizwe kwenye mtihani, mwalimu mwenye akili atafundisha mtihani. Mimi nilifanya hivyo, na sikuwa mjinga.

Sasa niwageukie ninyi, malenga, maana mmekuwa mkisoma hadi hapa mkitikisa vichwa kwa kuridhika, mkidhani mshtakiwa ni Baraza la Mitihani. Mshtakiwa wa pili ni sisi.

Sisi ndio tunaotunga mashairi yanayoweza kuishi ndani ya jedwali. Tunaamka tukiwa na dhamira, tunaivika vina, tunaituma. Tudumishe amani, tupige vita rushwa, tupande miti. Shairi ambalo likiondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kichwa cha habari cha maneno matano hakuna kilichopotea, halikuhitaji kuandikwa. Kwa nini basi tushangae mtoto akilisoma kwa kulitafutia kichwa? Tumemfundisha kwamba ndani hamna kingine.

Na pale tunapotaka kuonekana wazito, tunakimbilia msamiati. Tunachimba neno la kale, tunalitega katikati ya ubeti, kisha chini tunaweka maelezo ya maneno magumu, tukiamini kwamba tumelitendea shairi haki. Ndugu zangu, ugumu wa shairi si ugumu wa kamusi. Kanga, kopa, mche, mti: binti aliyajua yote na bado hakuuona ubeti. Kukamilika alilijua. Madai alilijua. Bibi alikuwa karibu kupoteza shamba kwa maneno mepesi. Mimi nayapenda maneno ya kale na nitaendelea kuyapenda. Lakini tukimwambia msomaji kwamba kutoelewa kwake kunatokana na uhaba wa msamiati tu, tunampa kamusi mahali anapohitaji swali.

Basi naomba nini? Naomba mambo manne, nami nitayataja, kwa kuwa kutaja hakujawa haramu.

Kwanza, mtihani wa fasihi uchape matini. Shairi moja ambalo hakuna notisi iliyowahi kuligusa, na ukurasa mmoja wa riwaya. Vitabu vilivyopendekezwa vibaki, ila visiwe ndio mlango pekee.

Pili, darasani neno dhamira lisitamkwe mpaka ubeti usomwe mara tatu. Mara ya kwanza tuulize nani anasema na kwa nani. Mara ya pili tuulize neno lipi limerudiwa, lipi limebadilika, na nani ametajwa bila jina. Mara ya tatu tuulize nini hakikusemwa. Na kila hoja iambatane na neno kutoka kwenye matini. "Nionyeshe neno" iwe kauli ya mwalimu wa fasihi kama vile "onyesha njia" ilivyo kauli ya mwalimu wa hisabati.

Tatu, ufahamu usome dunia. Zile aya za faida za kufuga nyuki zimetutumikia vya kutosha. Waletewe mkataba wa kiwanja, tangazo la mkopo, barua ya serikali ya mtaa, maelezo ya dawa, na waulizwe: nani anaahidi nini, kwa sharti gani, na nani ameachwa nje ya sentensi?

Nne, sisi tunaochapisha tungo zetu tuache kuzifafanua papo hapo. Tukiweka shairi, tuweke chini yake swali moja la kweli, ambalo hata sisi tunalifikiria, kisha tungoje. Na asiyeweza kupata swali hata moja juu ya shairi lake mwenyewe, alitazame shairi hilo mara ya pili kabla hajalituma.

Binti alifanya mtihani wake Novemba. Nilimwambia ukweli: ukienda kule, taja. Hoja tatu kwa kila kitabu, kama ulivyokariri, kwa sababu ndivyo wanavyouliza, na sitaki uadhibiwe kwa ugomvi wangu. Aliniitikia, "Sawa, babu." Maneno hayo nilipoyasema yalinichoma, na bado yananichoma. Mwalimu mzima, mpenda ushairi, namwambia mtoto aweke kando kusoma kwa saa tatu ili apasi somo la lugha yake.

Jumapili moja baada ya mtihani alipita barazani kunisalimu. Hakuwa na daftari. Aliuangalia ubao, ambao sikuwa nimeufuta, akausoma ubeti tena mpaka mwisho, akauliza: "Babu, hao walio mbali na kwake, wanajua kwamba mti una mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nilipoutunga sikuliwaza. Nalileta kwenu kama lilivyo, na nangoja majibu, kwa nathari au kwa tungo, ila kila atakayejibu anionyeshe neno.